Kujiandaa kwa Mafunzo Elekezi ya Dereva Mpya wa Malori ya Masafa Marefu

Simu ikitoka kwenye ofisi ya usafirishaji, ikikutaka uripoti yadini Jumatatu saa mbili asubuhi ukiwa na vyeti vyako halisi, ni rahisi kuanza kuwaaga majirani na kuhesabu posho ya safari ambayo bado haijatoka. Ni mapema mno kufanya hivyo. Katika kampuni nyingi za Dar es Salaam zinazopeleka mizigo Zambia na Kongo, siku chache za mafunzo elekezi ndizo sehemu ya mwisho ya usaili, kwa sababu hapo daktari, mkufunzi wa madereva, fundi mkuu na ofisa wa rasilimali watu wanakutazama kwa wakati mmoja, na yeyote kati yao anaweza kukurudisha nyumbani.

Mwongozo huu unamhusu dereva mwenye leseni na uzoefu wa barabarani anayejiunga na kampuni ya malori ya masafa marefu, hasa atakayepita njia ya Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, yenye zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuvuka mpaka. Anayekwenda Rwanda kupitia Rusumo au Burundi kupitia Kabanga atakuta mengi yanafanana. Rai yangu ni kwamba uende kwenye mafunzo haya kama mtu anayekwenda kukabidhiwa mali ya mamilioni na kutia saini ya kuiwajibikia. Anayekwenda kwa fikra hiyo huuliza maswali ambayo aliyekwenda kusikiliza tu hayamjii akilini mpaka siku mshahara unapokatwa.

Anza na majina, wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Tandika mezani kitambulisho cha NIDA, leseni, pasipoti, vyeti vya udereva, namba ya mlipakodi, kadi ya NSSF na kadi ya benki, kisha usome jina lako kwenye kila kimoja herufi kwa herufi. Hamisi wa kwenye leseni akiwa Khamis kwenye NIDA, au jina la babu likiwapo kwenye pasipoti na kukosekana benki, utachelewa kusajiliwa na mshahara wa kwanza unaweza kukwama. Kurekebisha tofauti hizo huchukua muda na mara nyingine hudai hati ya kiapo, kwa hiyo hazifai kuachwa mpaka Ijumaa ya kabla ya mafunzo.

Leseni iwe na daraja E, ambalo ni la magari makubwa ya mizigo, na iwe imebakiza muda wa kutosha. Leseni itakayokwisha wakati lori liko Lubumbashi ni tatizo lako na la kampuni pia, na msimamizi makini ataliona siku ya kwanza. Cheti cha mafunzo kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, VETA au chuo kingine kinachotambuliwa kibebwe chenyewe, si nakala peke yake. Kama umethibitishwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, beba na uthibitisho huo. Kama bado, uliza kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani iwapo kampuni itakupeleka au inakutaka ufike ukiwa nao.

Pasipoti ina mambo mawili ambayo madereva huyasahau: muda wa kwisha, na kurasa. Mtu anayevuka Tunduma, na Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, mara kwa mara hujaza mihuri kwa kasi ambayo msafiri wa kawaida haijui, na pasipoti yenye miaka mitatu mbele yake inaweza kuwa haina pa kugongwa muhuri. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho huulizwa, hasa Kongo. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kuwa halali kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi, lakini kwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza uhalali huanza siku kumi baada ya chanjo. Aliyechanjwa Jumatano hawezi kuvuka kihalali Jumapili, hata ofisi ikiwa na haraka kiasi gani.

Mwajiri mpya huenda akampigia simu yule uliyetoka kwake. Kama uliwahi kupata ajali au kuachishwa kazi, lieleze jambo hilo mwenyewe kwa sentensi chache, bila kumlaumu mtu, kabla halijaletwa na simu hiyo. Nimewaona madereva waliosema "niliangusha tela, na hiki ndicho nilichojifunza" wakipewa funguo, na waliosema "sijawahi kupata ajali" wakiitwa pembeni saa sita mchana.

Uchunguzi wa afya kwa kawaida huangalia macho, masikio, shinikizo la damu, sukari na mkojo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe, hivyo usiuone kuwa ni usumbufu uliobuniwa na kampuni. Ukivaa miwani, nenda nayo. Ukitumia dawa za shinikizo au kisukari, zibebe na uziseme, kwa kuwa ugonjwa unaodhibitiwa kwa dawa una heshima mbele ya daktari kuliko ugonjwa uliofichwa unaojitokeza kwenye kipimo. Hali ya mtu ya VVU si sababu halali ya kumnyima kazi, na sheria za Tanzania hazimruhusu mwajiri kumlazimisha mwombaji kupima.

Kuhusu vilevi, niseme wazi. Kipima pumzi kinaweza kuletwa asubuhi yoyote ya mafunzo, na bia zilizonywewa mpaka usiku wa manane huwa bado zimo mwilini saa mbili asubuhi, ingawa mwenyewe unajiona mzima. Mirungi, ambayo baadhi ya madereva huitafuna ili wasisinzie, ni halali Kenya lakini Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria, na kampuni yenye utaratibu haitasikiliza maelezo. Siku mbili kabla ya kuripoti lala mapema kama vile safari imekwishaanza, maana jaribio la vitendo humwumbua aliyekesha kwenye basi kutoka Singida au Mbeya na kushuka moja kwa moja yadini. Kwa sababu hiyo uliza mapema nani analipa nauli na malazi yako siku za mafunzo. Kampuni hutofautiana sana kwa hilo.

Sasa tufike yadini, ambako ndiko wengi huangukia.

Mkufunzi mzuri hakuambii "kagua gari". Anakupa ufunguo, anasogea pembeni, na kukutazama. Atakayepanda moja kwa moja na kuwasha injini amekwishajibu swali la kwanza, na amelijibu vibaya. Weka ufunguo mfukoni. Angalia mafuta ya injini na maji ya rejeta kabla injini haijapata moto, kisha anza mbele upande wa dereva na kulizunguka gari lote mpaka urudi ulipoanzia, ukitaja kwa sauti unachokiona hata kama unajiona kama mwendawazimu anayezungumza na tairi. Kwenye magurudumu pacha, tairi la ndani ndilo linalofichwa na watu, kwa hiyo inama ulione na uliguse. Mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye nati ya gurudumu ni dalili ya nati iliyolegea. Toa maji kwenye mitungi ya upepo wa breki kama yapo. Tazama turubai, mikanda ya kufungia mzigo, viakisi mwanga, pembetatu za tahadhari, kizimamoto na tarehe yake.

Mahali pa kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, kuungana na tela pastahili tochi na magoti yako chini. Hakikisha kwamba hakuna uwazi kati ya sahani ya kichwa na sakafu ya tela, kwamba taya za sahani hiyo zimeifunga pini ya tela pande zote, na kwamba mkono wa kufungia umeingia mahali pake. Baada ya hapo panda, acha breki za tela zikiwa zimefungwa, na uvute mbele kidogo kwa gia ya chini. Tela likigoma kufuata huku likibaki limeshikwa, muungano umekubali. Ni hapo tu miguu ya tela inapopandishwa. Wapo madereva wa miaka ishirini waliowahi kuacha tela nyuma kwa kuamini mlio wa "klaki" peke yake.

Kwa upepo wa breki, jaza mitungi mpaka geji ifike kiwango chake, zima injini, kanyaga breki na uishikilie dakika nzima bila kuachia. Sindano ikishuka kwa kasi, kuna mahali panavuja na sikio litakuonyesha. Mkufunzi anaweza kukuuliza kazi ya paipu mbili zinazokwenda kwenye tela: nyekundu hupeleka upepo wa kujaza mitungi ya tela, na njano hupeleka amri ya breki unapokanyaga. Kwa tela lenye breki za springi, upepo ukikatika springi hufunga magurudumu, na ndiyo sababu lori lenye paipu iliyopasuka husimama lenyewe, pengine katikati ya barabara na katikati ya usiku.

Kurudi nyuma na tela ndiko hutoa jasho. Ukiwa umezoea lori lisilo na tela, mikono yako itakudanganya, kwa sababu mkia wa tela huenda kinyume na usukani. Ujanja uliosaidia wengi ni kushika usukani chini kabisa: upeleke mkono upande unaotaka mkia wa tela uende. Anza na marekebisho madogo, maana ukingoja mpaka tela lipinde ndipo urekebishe, umechelewa. Usitegemee utingo akupigie makofi ubavuni, kwa kuwa siku hizi dereva husafiri peke yake mara nyingi. Simamisha, shuka, tazama nyuma, panda tena. Kushuka mara tatu hakumpunguzii mtu alama; kugusa pipa la alama mara moja humpunguzia. Kama unaweza kuazima pikapu na tela dogo kwa saa moja wiki moja kabla, fanya hivyo, ukikumbuka kwamba tela fupi hupinda haraka kuliko refu na kwamba ukilimudu hilo refu litakuonea huruma.

Katika jaribio la barabarani, na hata darasani, utaulizwa habari za milima. Ukienda Tunduma na mzigo, mlima Kitonga, kabla ya Iringa, unaupanda. Ukirudi na shaba, unaushuka ukiwa mzito. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, unaushuka wakati wa kwenda. Jibu linalotakiwa ni kwamba gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, breki ya injini hufanya sehemu kubwa ya kazi, na breki ya mguu hukanyagwa kwa vipindi ili isichemke mpaka ikose nguvu. Kushuka kwa nyutro ili kubana mafuta ni kosa ambalo kifaa cha kufuatilia gari hulirekodi. Jua pia kwamba gari lenye uzito unaozidi tani 3.5 lina ukomo wa kilomita 80 kwa saa, kwamba kwenye makazi ni 50, na kwamba barabara inapokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kuna bango la faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa.

Mizani ina hesabu ambayo dereva mpya hupaswa kuingia nayo darasani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, lakini hiyo haina maana kwamba kila gari linaruhusiwa kufikia tani hizo. Kichwa cha ekseli tatu chenye tela la ekseli tatu, kwa magurudumu pacha, huhesabiwa tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, na 24 kwa tatu za tela, jumla 50. Kosa linalowakamata wengi halimo kwenye jumla hiyo. Lori linaweza kuwa na tani 49 na bado likasimamishwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umesogezwa mbele mno na ekseli za kichwa zimezidi. Uliza basi, mbele ya wenzako wote, ni nani hulipa pale mpakiaji alipopanga vibaya na dereva hakuwapo wakati wa kupakia. Jibu la swali hilo litakueleza tabia ya kampuni kuliko kipeperushi chake.

Kama utapangiwa mafuta au kemikali, jifunze namba zilizo kwenye vibao vya rangi ya chungwa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Mkufunzi yeyote wa mizigo ya hatari atataja Msamvu, Morogoro, ambako Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, na moto ukaua zaidi ya watu mia moja. Atakachotaka kusikia kwako ni hatua unazochukua kwa mfuatano: kuzima injini, kuwaondoa watu, kuweka alama mbali, kupiga simu. Ya mpakani yanajifunzika kwa haraka, isipokuwa hili moja: Zambia mnaendesha kushoto kama Tanzania, lakini ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia, na dereva aliyechoka hukosea kwenye mzunguko wa kwanza.

Nimeacha karatasi za kusaini mpaka hapa kwa sababu nazo huletwa mwisho, siku ya mwisho, jioni, watu wakiwa wamechoka na basi la kwenda Mbagala likingojwa. Usisaini kwa haraka hiyo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, mkataba wa kazi itakayofanyika nje ya nchi lazima uwe wa maandishi, kwa hiyo dereva wa Zambia na Kongo hapaswi kuambiwa kwamba mkataba utakuja baadaye. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano mfululizo. Uliza ratiba ya safari itazifuataje saa hizo, na foleni ya siku sita Kasumbalesa inahesabiwa vipi: kazini, au mapumzikoni?

Sehemu ya makato isome mara mbili. Mafuta yaliyopungua, tairi lililoibwa, magunia yaliyokosekana: hayo yote huandikwa kwa sentensi fupi kwamba "dereva atawajibika". Sheria inaruhusu kukata mshahara kwa hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi, lakini kwa masharti: awe amekubali kwa maandishi, apewe nafasi ya kujieleza kabla ya kukatwa, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya mshahara wake wa fedha. Mimi nilisaini karatasi ya aina hiyo nikiwa kijana bila kuisoma, katika kampuni ambayo haipo tena, na nikalipa matairi mawili ambayo niliyakuta yameisha siku niliyokabidhiwa gari. Sikuwa na ushahidi wowote.

Uliza pia namna mafuta ya safari yanavyopigiwa hesabu, kwa kilomita ngapi kwa lita, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu, na nini hufanyika njia ikibadilishwa kwa amri ya ofisi. Uliza posho ya safari hutolewa yote mwanzoni au kwa awamu, risiti zipi zinahitajika, na lori likiharibika Mpika, ndani ya Zambia, ni nani wa kumpigia usiku wa manane. Hakikisha unasajiliwa NSSF, na ufahamu kwamba mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri. Usikatwe kwa jina hilo. Andika majibu kwenye daftari pamoja na tarehe na cheo cha aliyejibu. Wanaokuja na daftari na kalamu ni wachache, na wakufunzi huwakumbuka.

Hatua ya mwisho ni fomu ya kukabidhiwa gari. Kabla ya kuisaini, zunguka lori tena ukiwa na aliyekukabidhi, uandike namba ya kila tairi pamoja na la akiba, hali yake, jeki, spana ya magurudumu, idadi ya mikanda, turubai lilipochanika, mikwaruzo ya bodi, kiasi cha mafuta kwenye geji na kilomita zilizosomeka. Piga picha za vyote hivyo kwa simu yako, upande kwa upande, na umtumie mtu wa nyumbani ili zisipotee simu ikiibwa njiani. Fomu isipokuwa na nafasi ya maelezo, andika pembeni kwa mkono. Saini zote mbili ziwepo, yako na ya aliyekukabidhi, na nakala moja ibaki kwenye begi lako pamoja na pasipoti.